Spea inayokaribia kuingia: jinsi ya kufufua baiskeli ya resi ya zamani bila kuua fremu

Fremu yangu ya kwanza ya zamani niliiua mwenyewe, tena nikiwa na furaha zangu. Ilikuwa ya Kifaransa, chuma chepesi kizuri, rangi imepauka ila kutu ya maana hakuna, nikanunua ekseli mpya ya kati, ile inayopita chini ya fremu na kubeba kranki za pedali, mpya kabisa kwenye boksi. Nikaanza upande wa kushoto. Raundi ya kwanza ikaingia kwa vidole, ya pili ikaingia, ya tatu ikaanza kubana nikasema ah, uchafu tu huo, nikaongeza grisi nikachomeka bomba kwenye mpini wa spana ili nipate nguvu. Ikaingia bwana. Ilipokuja kutoka ilitoka na nyuzi za chuma zinang'aa kama zile za kusugulia sufuria, na hizo ndo zilikuwa thredi za fremu.

Spea ambayo haiingii kabisa haina ubaya, unairudisha maisha yanaendelea. Inayoua ni ile inayokaribia kuingia. Inakupa raundi mbili tatu za matumaini halafu inakula fremu. Na kwenye baiskeli za resi za miaka ya 60, 70 mpaka 80 hivi, spea za kukaribia kuingia ni nyingi mno, kwa sababu kila nchi ilikuwa na vipimo vyake: Waingereza kwa inchi, Wafaransa kwa milimita, Waitaliano wakachanganya vyote viwili kwenye kitu kimoja (upana kwa milimita, thredi kwa inchi, sijui walikuwa wanawaza nini), Wajapani wakachukua vya Waingereza wakapunguza hapa wakaongeza pale. Katikati ya miaka ya 80 mambo yakaanza kufanana, kwa hiyo baiskeli ya 1988 haitakusumbua kama ya 1972. Ya 1972 ya Kifaransa jiandae kisaikolojia.

Kabla hujanunua chochote

Tafuta venia, ile rula ya kubana inayosoma mpaka sehemu ya kumi ya milimita. Bila hiyo usianze, maana tofauti nyingi nitakazotaja ni milimita 0.2 na jicho haliwezi kuiona, hata uwe fundi wa miaka thelathini. Tafuta na uzi mrefu usiovutika, daftari, na bolti moja ya kawaida ya M6, yaani yenye unene wa milimita 6. Hiyo bolti si ya kufunga chochote, utaona kazi yake.

Anza kupima fremu na foki (ule uma unaoshika gurudumu la mbele) kabla ya kitu kingine chochote, kwa sababu hivyo ndo huwezi kubadilisha, vingine vyote vinafuata hapo. Na usiamini spea iliyokuja na baiskeli kwamba ndo saizi sahihi! Baiskeli ya miaka arobaini imepita mikono mingi, kila mwenye nayo alikuwa na haraka zake, unakuta mtu kaweka nguzo ya kiti nyembamba kaizungushia bati la kopo, mwingine kafunga gurudumu la nyuma la baiskeli nyingine kabisa. Wala jina ubavuni si ushahidi, zipo Bianchi zilizotengenezwa Japani zenye vipimo vya Kijapani japo jina ni la Kiitaliano mpaka kwenye kengele.

Ekseli ya kati, hapa ndo makaburi yalipo

Lile bomba fupi la chini linalobeba ekseli ya kati lina thredi ndani, na vikombe viwili vinajifunga humo, kimoja kila upande. Aina utakazokutana nazo ni hizi. Ya Kiingereza ina kipenyo cha inchi 1.37 na thredi 24 kwa inchi, bomba lina upana wa milimita 68, na kikombe cha kulia, upande wa cheni, kinafungwa kinyume, yaani ukitaka kukifungua unazungusha kufuata mshale wa saa. Ya Kiitaliano ni milimita 36 kwa thredi 24 kwa inchi, bomba milimita 70, pande zote mbili thredi za kawaida. Ya Kifaransa ni milimita 35 na thredi moja kila milimita, bomba 68, pande zote za kawaida. Ya Kiswisi ni kama ya Kifaransa ila kulia imegeuzwa kama ya Kiingereza. Halafu kuna Raleigh wa Nottingham, hawa kwa miaka mingi walikuwa na thredi zao wenyewe, 26 kwa inchi, na bomba la milimita 71 au 76, ukikuta upana huo basi ushajua uko kwa nani.

Sasa utajuaje yako ni ipi? Kwanza safisha uso wa vikombe kwa mafuta ya taa na mswaki wa zamani, mara nyingi vimeandikwa: 1.37 x 24, au BSA (hiyo nayo ni ya Kiingereza), au 36 x 24, au 35 x 1. Ukikuta maandishi umeshinda. Usipokuta, pima upana wa bomba, ukiwa 70 ni Mwitaliano na hadithi imeisha. Ukiwa 68 bado kuna Mwingereza, Mfaransa na Mswisi, na hapo ndo bolti ya M6 inaingia kazini.

Fungua kikombe cha kushoto tu, maana kushoto wote wanafungua kwa njia ya kawaida, kinyume cha saa. Kisafishe mpaka thredi zing'ae. Shika ile bolti uilaze ubavuni mwa kikombe, thredi kwa thredi, halafu nyanyua vyote viwili kuelekea dirishani au kwenye taa utazame mwanga katikati. Bolti ya M6 ya kawaida ina thredi moja kila milimita, sawasawa na Mfaransa. Zikilaliana zote mwanzo hadi mwisho bila mwanga kupenya, una Mfaransa au Mswisi. Kama mwanzoni zinakaa vizuri halafu zinaanza kupandana, ukifika thredi ya nane zimepishana karibu nusu, hiyo ni 24 kwa inchi, yaani milimita 1.06 kila thredi. Hizo 0.06 ndo zilizoniua mimi: kipenyo cha Kiingereza ni kama milimita 34.8, cha Kifaransa 35, kwa hiyo kikombe kinaingia bila kinyongo mpaka thredi zinapoanza kugombana ndani. Angalizo, za Raleigh za 26 ziko karibu sana na milimita moja, kwa bolti zinaweza kukudanganya, kwa hiyo hapo amini upana wa bomba kwanza.

Kikombe cha kulia, kama ndani hakina vishimo na gololi zinateleza vizuri juu yake, kiache hapohapo. Nasema kweli. Kisafishe kikiwa ndani ya fremu, paka grisi, weka gololi mpya, funga. Watu wanahangaika kukitoa wanavunja kingo zake nyembamba bila sababu. Ikilazimu kutoka, jua kwanza unazungusha upande gani, maana kukosea maana yake unakaza kitu ambacho tayari kimekaa miaka arobaini. Motobecane za mwishoni mwa miaka ya 70 na mwanzo wa 80 nyingi zina thredi za Kiswisi, kwa hiyo kwa hizo jaribu kufuata mshale wa saa kwanza. Peugeot na Gitane za miaka ya 70, kinyume cha saa.

Na usitupe vikombe vya Kifaransa! Hata vikiwa vimechafuka vipi. Kupata vipya ni kazi, wakati gololi ni zilezile dunia nzima, robo inchi, kumi na moja kila upande. Mara tisa kati ya kumi tatizo la ekseli kukwaruza ni gololi zimeliwa na grisi imegeuka gundi. Kama vikombe kweli vimekufa, kampuni ya Phil Wood wanatengeneza ekseli ya kopo, yaani iliyofungwa na beringi zake ndani, ambayo pete zake za thredi zinauzwa peke yake, unachagua za Kifaransa, Kiswisi au Kiitaliano. Njia nyingine ni zile ekseli zisizotumia thredi kabisa, zinajipanua ndani ya bomba na kujibana zenyewe. Fremu yangu niliyoiua ndo inaendeshwa na hiyo mpaka leo, inalia kidogo nikisimama kwenye mlima ila inaenda. Na kama fremu ya Kiingereza imeharibika thredi, fundi mwenye vifaa anaweza kuikata thredi za Kiitaliano kwa sababu 36 ni kubwa kuliko 34.8, kuna nyama ya kutosha. Kinyume chake haiwezekani, chuma kikishatoka hakirudi.

Upana wa nyuma, pale gurudumu linapokaa

Huu ni mgogoro wa pili kwa ukubwa. Pima nafasi kati ya kuta za ndani za masikio mawili ya nyuma, pale ekseli ya gurudumu inapokaa. Ukipata milimita 120 ni fremu ya enzi za gia tano nyuma, 126 ni ya gia sita au saba, 130 ni ya gia nane na kuendelea. Gurudumu la kisasa la resi la breki za rimu ni 130, kwa hiyo fremu nyingi za kufufua zinakuwa na upungufu wa 4 au 10.

Kutoka 126 kwenda 130 wengi wanatanua kwa mikono tu kila wakiweka gurudumu, na inakubali, ila inachosha na siku ukipata pancha mvuani utajilaani. Njia ya kiume ni kuitanua fremu moja kwa moja, ikiwa ni ya chuma. Narudia, ikiwa ni ya CHUMA. Alumini na kaboni usiguse, wala zile za mabomba yaliyogundishwa, hizo hazipindi, zinapasuka, na wakati mwingine hazipasuki palepale, zinasubiri uwe kwenye mteremko.

Inavyofanyika: toa gurudumu, funga uzi kwenye sikio la kulia la nyuma, upitishe mbele uzungushe kwenye bomba la shingo ya fremu, urudishe mpaka sikio la kushoto, uukaze. Sasa pima umbali kutoka uzi mpaka bomba la kiti, kulia na kushoto. Kama fremu iko sawa namba zinafanana. Andika. Halafu laza fremu ubavu, chukua mbao ndefu imara, ipitishe kati ya mabomba ya nyuma iegemee bomba la kiti, vuta upande MMOJA taratibu, pima, vuta tena, pima. Chuma kinarudi nyuma kama springi, kwa hiyo ili kibaki kimesogea milimita mbili utakivuta zaidi sana ya hapo, na mara ya kwanza unaogopa mpaka jasho, ni kawaida. Ukimaliza upande mmoja geuza ufanye wa pili, kila mara unarudi kwenye uzi. Kuna watu wanatumia fimbo ya nati kusukuma pande zote mbili kwa pamoja, mimi siipendi, kwa sababu upande mmoja huwa laini kuliko mwingine (wa cheni mara nyingi umebonyezwa kidogo kutoka kiwandani) kwa hiyo unasogea wenyewe na gurudumu linakaa kombo.

Ukishatanua, masikio nayo yanakuwa hayaangaliani sawasawa, yananyooshwa, na lile la kulia linalobeba direla likiwa kombo gia hazitatulia hata ufanyeje. Direla ni ile mashine ndogo inayosogeza cheni.

Kwa 120 kwenda 130 ni milimita tano kila upande. Wapo wanaofanya, mimi naishia 126. Kuna friwili (ile seti ya meno ya nyuma inayojifunga kwa thredi kwenye gurudumu) za gia sita na saba nzuri tu zinazouzwa mpaka leo, sasa hizo gia kumi unazitafutia nini kwenye baiskeli ya babu yako?

Njia ya tatu ni kuacha fremu ilivyo na kubadilisha ekseli ya gurudumu, unatoa au kuongeza washa kwenye habu, kile kitovu cha gurudumu, mpaka upana ulingane. Ila ukipunguza washa za kushoto, rimu haiko katikati tena, lazima uivute kwa spoki. Na usirundike washa za kulia kwenye habu ya friwili ukidhani umepata ujanja, gololi za habu hizo ziko mbali na sikio la fremu, ukizidi kurefusha sehemu ya ekseli isiyo na mhimili inapinda, halafu inakatika. Hilo ndo tatizo lililofanya habu za kaseti, ambazo meno ya gia yanachomekwa badala ya kufungwa kwa thredi, zipendwe, Shimano waliileta yao 1978, gololi za kulia zikasogezwa hadi karibu na sikio.

Inchi 27 si 700C

Baiskeli nyingi za resi za bei ya kawaida za miaka ya 70 zina magurudumu ya inchi 27, na watu wanasikia 700C ni karibu sawa, wananunua tairi, wanatumia jioni nzima kulazimisha. Tairi haziingiliani. Tazama namba ndogo ubavuni mwa tairi, zile zenye kistari: inchi 27 ni 630, 700C ni 622. Hizo ni milimita za pale tairi linapokaa kwenye rimu, na ndo namba pekee ya kuamini, hayo maneno ya inchi ni siasa. Inchi 26 peke yake ina 559 ya baiskeli za milimani, 590, 571, zote zinaitwa 26 na hakuna hata moja inayoingia kwa mwenzake. Na ile 28 x 1 1/2 ya baiskeli kubwa nyeusi za kubebea mizigo ni 635, nayo isikuchanganye.

Habari njema ni kwamba unaweza kuweka magurudumu mazima ya 700C kwenye fremu ya inchi 27. Tofauti ya 630 na 622 ni 8, kwa hiyo rimu inashuka milimita 4 kutoka kwenye breki. Kabla hujanunua, tazama raba za breki zilivyokaa kwenye ule mfereji wa mkono wa breki, kama chini yake kimebaki nafasi ya milimita 4, shusha raba na umemaliza, tena unapata nafasi ya kuweka tairi nene kidogo, safari inalainika. Kama raba ziko chini kabisa tayari, unahitaji breki zenye mikono mirefu zaidi, zipo za milimita 47 mpaka 57. Sasa hapo unakutana na kikwazo kingine: breki mpya zinafungwa kwa nati ya kuzama inayohitaji tundu la milimita 8 nyuma ya foki, fremu za zamani zina tundu la 6. Unapanua tundu la ukuta wa nyuma wa foki TU, la mbele unaliacha. Kwa breki ya nyuma, wengi wanakwepa kutoboa fremu kwa kufunga breki ya mbele huko nyuma, kwa sababu bolti yake ni ndefu, inapita moja kwa moja na kukubali nati ya kawaida.

Nikiwa hapo hapo, kama rimu zako za zamani ni za chuma cha kung'aa, zibadilishe hata kama zinakupendeza. Zikilowa breki hazishiki, unabana na baiskeli inaendelea na safari zake. Na rimu za zamani ambazo ukingo wake wa ndani ni ukuta mnyoofu usio na kijindoano cha kushika tairi, usizijaze upepo mpaka ile namba ya juu iliyoandikwa kwenye tairi la kisasa. Linachomoka, na mlio wake majirani watatoka nje.

Shingo na usukani

Hapa usalama ni wako binafsi, kwa hiyo taratibu. Shingo ya usukani inayozama ndani ya foki ni 22.2 kwa karibu kila mtu, Wafaransa 22.0. Shingo ya 22.2 haiingii kwenye foki ya Kifaransa, ukiigonga kwa nyundo inavimbisha bomba la foki. Unaisugua kwa msasa ile sehemu inayozama, kuzunguka sawasawa, mpaka ipite yenyewe kwa mkono. Ni 0.1 kila upande, nusu saa ya msasa, nimefanya mara mbili na iko salama.

Beringi za shingo, zile zinazofanya foki izunguke ndani ya fremu: bomba la foki ya kawaida ni inchi moja kwa thredi 24, ya Kifaransa milimita 25 kwa thredi za milimita moja, bolti yako ya M6 inasaidia tena. Za Kijapani thredi ni kama za Kiingereza ila mtego uko chini, kwenye kile kiti cha beringi juu ya foki. Cha Kijapani ni 27.0, cha kawaida 26.4. Beringi ya 27.0 kwenye foki ya 26.4 inacheza, na ya 26.4 kwenye 27.0 haishuki. Vikombe vya fremu navyo ni 30.0 na 30.2. Pima kabla hujagonga kitu, na pima pia urefu wa foki inayobaki juu ya fremu, maana beringi nyingine ni nene, unafika juu nati ya mwisho haina pa kushika.

Usukani wenyewe sehemu ya kubanwa ni 25.4, 26.0, kuna Cinelli za zamani za 26.4, na Wafaransa wana 25.0. Usukani wa 25.4 kwenye shingo ya 26.0 unaonekana umekaa vizuri kabisa mpaka siku unapiga breki kali, unazunguka mbele na wewe unafuata. Mkubwa kwenye mdogo nao ni mbaya, unapanua mdomo wa shingo kuupitisha, ufa unaanza mahali ambapo hupaoni. Nunua vyote viwili kutoka familia moja, hapa si mahali pa kubahatisha.

Nguzo ya kiti

Saizi zinapanda kwa 0.2, kuanzia kama 25.4 mpaka 27.2 na zaidi, na 27.2 ndo ya fremu nyingi za chuma kizuri. Pima ndani ya bomba, lakini shuka kidogo chini ya mdomo, maana mdomo ukishabanwa miaka mingi unasinyaa. Ukiingiza nguzo na bolti ya kubana inabidi uikaze mpaka masikio yakutane, nguzo ni ndogo, hata kama ilikuja na baiskeli. Paka grisi. Nguzo ya alumini iliyokaa miaka mingi ndani ya chuma bila grisi inagandana nacho, na kuitoa ni stori nyingine yenye machozi.

Kranki na pedali

Kranki za kotapini, zile zinazobanwa kwenye ekseli kwa pini ya kugonga: kabla hujagonga pini itoke, weka kipande cha bomba la chuma kinachofika sakafuni chini ya kranki, ili kishindo kiende chini kisiingie kwenye gololi na vikombe. Pini ni 9.5, za Kifaransa nyingi 9.0, na mbili zinaingia zikielekea pande tofauti, ukiziweka sawa kranki zinakaa kama miguu ya mtu anayechechemea.

Kranki za ekseli ya pembe nne zina mtego wake. Za Kijapani na za Ulaya zina mteremko uleule ila ncha ya ekseli ya Kijapani ni nene kuliko ya Ulaya. Kranki ya Campagnolo ya zamani ukiiweka kwenye ekseli ya Kijapani inabaki nje kama milimita 4.5, cheni inakaa kombo. Ya Kijapani kwenye ekseli ya Ulaya inazama mno, unaweza kukaza bolti hadi mwisho kumbe kranki bado haijabana. Kifaa cha kuchomolea nacho, thredi ya kawaida ni 22 mm, ila za chapa za Kifaransa, Stronglight za zamani ni 23.35 na TA ni 23, ukitumia cha 22 kinaweza kuonekana kimeshika (unaona tena?) halafu kinaharibu thredi zote na kranki inabaki kwenye ekseli milele.

Pedali fupi tu: za kawaida inchi 9/16, za Kifaransa milimita 14. Tazama herufi kwenye ncha ya pedali, ukikuta D na G ni za Kifaransa, D na S ni za Kiitaliano. Kranki ya Kifaransa inaweza kukatwa thredi upya kuwa 9/16, fundi yeyote mwenye kikatio anafanya.

Gia

Hapa pana unafuu. Kama baiskeli ina vile vijiti vya gia vya kusogeza mwenyewe kwa kuhisi, bila kliki, karibu kila kitu kinafanya kazi na kila kitu. Cheni ya gia nane kwenye friwili ya gia sita, direla ya miaka ya 90 na vijiti vya 1975, mkono wako ndo unatafuta mahali. Ukitaka kliki ndo masharti yanaanza, vijiti, direla, friwili na cheni viwe vinaelewana. Shimano waliziuza vizuri kwenye Dura-Ace, seti yao ya juu, ya 1984, na kichekesho ni kwamba Dura-Ace za kizazi hicho cha 7400 direla yake haisogei sawa na za Shimano nyingine, kwa hiyo ukikuta direla moja nzuri ya 7400 kwa bei ya kutupa jiulize kwanza vijiti vyake viko wapi. SunTour nao walikuwa na kliki zao.

Direla za Simplex za plastiki zinapasuka, badilisha, ila sikio la fremu la Simplex halina thredi, itabidi likatwe thredi ya milimita 10 ndo ipokee ya kisasa. Friwili ya kawaida ya inchi kwenye habu ya Kifaransa ya 34.7 inalegea na kuja kung'oka ukiwa unapanda, na habu za Maillard za Helicomatic zikwepe, hazikubali friwili ya mtu mwingine. Na kabla hujakata spoki za gurudumu bovu ili uokoe habu, TOA FRIWILI KWANZA, gurudumu zima ndo mpini wako. Ukishakata spoki huna cha kushika tena. Niulize.

Ukimaliza kufunga, endesha kama kilomita 50 halafu kaza upya bolti za kranki, kotapini na shingo. Kwenye fremu za Kiitaliano na Kifaransa kikombe cha kulia kinapenda kujifungua chenyewe kwa mzunguko wa pedali, kwa hiyo chora kamstari ka rangi kutoka kwenye kikombe hadi kwenye fremu. Kamstari kakihama, fungua, safisha mafuta yote, tia gundi ya thredi, kaza tena, chora kengine.